Faili ya Mtoto: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Nairobi Anayemlea Mtoto Mwenye Ulemavu

Nyumbani kwetu Kayole, faili ya mwanangu hukaa juu ya kabati ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, kwa sababu usiku mmoja wa Aprili paa lilivuja na barua ya hospitali ikageuka uji. Mwanangu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Faili yake sasa inakaribia unene wa tofali, na karibu nusu ya karatasi zilizomo nilizipata kwa kurudishwa nyumbani kwanza.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema, na ambalo lingeniokolea karibu miaka miwili ya kuzunguka mjini nikiwa nimembeba mgongoni, ni kwamba msaada upo, lakini umegawanyika katika ofisi nyingi zisizoulizana habari, na kila ofisi inadai karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine. Mzazi anayeanzia katikati hurudishwa mwanzo. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata mfuatano wa karatasi, hata pale ambapo msaada mkubwa zaidi unakuja mwishoni.

Kabla ya karatasi yoyote

Kuna hali ambazo hazingojei mfuatano. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kuliko kawaida, au aliyezaliwa na mgongo wazi, apelekwe hospitali ya rufaa mara moja, hata kama hana cheti cha kuzaliwa. Kliniki ikikupa barua ya rufaa, usiiweke hadi mwisho wa mwezi. Huko Kijabe, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Nairobi, madaktari wa shirika la BethanyKids wamekuwa wakiwafanyia upasuaji watoto wenye kichwa maji na mgongo wazi kwa miaka mingi, na karibu yao ipo hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998, inayoshughulikia mifupa na viungo vya watoto. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, na kazi hiyo huwa nyepesi zaidi ikianza katika wiki zake za kwanza. Ukisikia jirani akisema kwamba atanyooka mwenyewe akianza kutembea, mshukuru kwa moyo wake mwema kisha uende kliniki.

Hatua ya kwanza: cheti cha kuzaliwa

Hakuna ofisi itakayomtambua mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Ikiwa alizaliwa hospitalini na ukapewa notisi ya kuzaliwa, ombi hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na asiyeweza kutumia mtandao anaweza kusaidiwa katika vituo vya Huduma vya GPO, City Square, Makadara, Kibra au Eastleigh. Aliyezaliwa nyumbani, au aliyechelewa kuandikishwa, atahitaji barua ya chifu, kadi ya chanjo na vitambulisho vya wazazi. Hakikisha majina ya mtoto yameandikwa herufi kwa herufi kama yatakavyoandikwa katika karatasi zote zitakazofuata. Niliwahi kukaa foleni tangu asubuhi hadi alasiri katika ofisi moja, kisha nikarudishwa kwa sababu jina la babu yake lilikuwa na herufi moja zaidi katika ripoti ya hospitali kuliko katika cheti.

Piga nakala tano za kila karatasi na uziweke pamoja. Nakala ya mwisho usiitoe kabla ya kupiga nyingine.

Hatua ya pili: tathmini ya ulemavu hospitalini

Ripoti ya tathmini ndiyo ufunguo wa faili nzima. Hutolewa na hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ambako jopo la wataalamu humpima mtoto, hueleza aina ya ulemavu na kiwango chake, na kutamka kama ni wa kudumu. Jijini Nairobi wazazi wengi hupitia hospitali za Mbagathi, Mama Lucy Kibaki au Kenyatta. Jopo halikai kila siku, kwa hiyo nenda kwanza peke yako kuuliza siku ya tathmini, ukimwacha mtoto nyumbani, badala ya kumpandisha matatu mbili bure. Uliza pia kama kuna ada yoyote, na ukitozwa shilingi hata moja, dai risiti.

Hapa ndipo wazazi wengi hujiangusha bila kujua. Tunapompeleka mtoto mbele ya daktari tunamwogesha, tunampaka mafuta, tunamvisha nguo za kanisani, na tukiulizwa anaendeleaje tunajibu kwamba anajaribu. Tumezoea kumtetea mbele ya watu wanaomdharau, na ulimi unamtetea hata pale ambapo tunapaswa kueleza shida yake. Daktari ana dakika chache. Anaandika anachokiona na anachoambiwa, na mtoto aliyelala vizuri siku hiyo anaweza kuandikiwa kiwango chepesi ambacho kitamfungia milango kwa miaka.

Dawa yake ni kuandika shajara ya siku moja, saa kwa saa, bila kupamba na bila kujihurumia. Yangu niliiandika nyuma ya kalenda ya duka, na ilisomeka hivi. Saa kumi alfajiri, kumgeuza ubavu, kwa kuwa hawezi kujigeuza. Saa kumi na mbili na nusu, uji kwa kijiko kidogo, dakika hamsini, amepaliwa mara mbili. Saa mbili, dawa ya kifafa, ametema nusu. Saa tatu, kubadilisha nepi, miguu imekaza, nimehitaji mtu wa kuishika. Saa tano, degedege, karibu dakika mbili. Iliendelea hivyo hadi saa sita za usiku. Mtaalamu aliyeipokea aliisoma yote, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, nalo ni kama mtoto anaweza kuachwa peke yake kwa nusu saa. Nilijibu hapana, naye akaandika.

Beba pia kadi za kliniki, picha za eksirei kama zipo, majina ya dawa anazotumia, na video fupi ya degedege iliyorekodiwa kwa simu. Kabla ya kuondoka, soma ripoti ukiwa bado hapo: jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya ulemavu, sahihi na mhuri. Kosa likigunduliwa mlangoni hurekebishwa kwa kalamu, lakini likigunduliwa Westlands, kwenye ofisi ya usajili ya hatua inayofuata, hugharimu siku nzima.

Hatua ya tatu: kusajiliwa na Baraza la Kitaifa

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo watu hulitaja zaidi kwa herufi zake NCPWD, lina makao yake kwenye barabara ya Waiyaki, Westlands, mkabala na ABC Place. Liliundwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo sasa imepisha sheria mpya ya 2025. Sehemu kubwa ya usajili hufanyika kupitia eCitizen, lakini ofisi bado hupokea wazazi. Utahitaji ripoti ya tathmini, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako na picha ya pasipoti ya mtoto. Kupiga picha hiyo ni kibarua chake peke yake ikiwa shingo ya mtoto haijakaza. Mlaze chali juu ya shuka nyeupe, mpiga picha asimame juu yake.

Kadi ya usajili utakayopewa haileti pesa yenyewe. Inakufungulia milango ya Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo hutoa vifaa vya kumsaidia mtu, msaada wa karo unaolipwa moja kwa moja kwa shule, na ruzuku kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mtoto mwenye ualbino hupata losheni ya kujikinga na jua kupitia Baraza hilo. Maombi haya hupokelewa kwa awamu, na anayesubiri kuambiwa na jirani huchelewa, hivyo acha namba yako ya simu kwa afisa wa Baraza wa kaunti na umpigie kila baada ya miezi miwili.

Utasikia pia habari za msamaha wa kodi. Ule uliozoeleka, wa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, unamhusu mtu mwenye ulemavu ambaye mwenyewe anapata mapato. Wako watu wanaowauzia wazazi fomu za msamaha huo mitaani wakiwaahidi kwamba mshahara wao hautakatwa. Swali la kodi lipeleke KRA, yaani mamlaka ya kodi, au kwa Baraza, si kwa mtu wa kati.

Hatua ya nne: bima ya afya

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, na usajili wa zamani haukuhamia wenyewe. Jisajili kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya, kisha mwongeze mtoto kama mtegemezi kwa kutumia cheti chake cha kuzaliwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na matumizi yake, kisha hupangiwa mchango wa mwaka mzima usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600. Maswali hayo yajibu kwa ukweli na kwa utulivu, kwani jibu la haraka kuhusu aina ya ukuta au choo linaweza kupandisha mchango wako.

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali zinapaswa kutolewa bila malipo kwa kila aliyejisajili, hata kabla hajalipa mchango. Mchango unahitajika pale mtoto anapolazwa au kufanyiwa upasuaji, na watoto wetu hulazwa mara nyingi, hasa kwa homa ya mapafu inayotokana na kupaliwa na chakula. Kwa maoni yangu, kama una shilingi 3,600 tu katika mwaka mzima, hapa ndipo pa kuziweka.

Hatua ya tano: Inua Jamii

Serikali ina mpango wa kuhawilisha fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali, ambao ni sehemu ya Inua Jamii. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, na hulipwa kwa mlezi. Masharti yake makuu ni kwamba kaya iwe maskini, mtoto awe anahitaji kuhudumiwa na mtu mwingine usiku na mchana, na kaya isiwe tayari inapokea fedha za mpango mwingine wa aina hiyo. Ile shajara ya siku moja itakufaa tena hapa, kwa hiyo ipige nakala.

Nenda kwa chifu ukiwa na ripoti ya tathmini na kadi ya Baraza, umwambie kwamba unataka mtoto aingizwe katika orodha ya walio na ulemavu mkali, kisha uende kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako na umwambie vivyo hivyo. Uandikishaji haufanywi kila siku. Hufunguliwa kwa vipindi, wahojiwa hutembelewa nyumbani, na majina husomwa katika baraza la mtaa ili wananchi wathibitishe. Mhoji akija usipange nyumba upya kwa ajili yake, na mzee wa mtaa awe anamfahamu mtoto kwa macho, kwa sababu mtoto anayefichwa ndani huwa hana shahidi siku ya baraza. Wazazi wengi wanamficha kwa hofu ya maneno ya watu, nami sitawalaumu, lakini hofu hiyo ina gharama yake.

Malipo huchelewa, na mara nyingine fedha za miezi miwili huja pamoja. Usikope kwa kutegemea tarehe. Akaunti ya malipo iwe kwa jina la mlezi anayeishi na mtoto, na ikiwa mlezi huyo amefariki au amehama, afisa wa maendeleo ya jamii aarifiwe mara moja ili mlezi mwingine aandikishwe. Usimpe mtu kitambulisho au namba ya siri akakuchukulie.

Mwanangu hutumia nepi tano kwa siku, yaani 150 kwa mwezi. Ukigawanya shilingi 2,000 kwa nepi 150 unapata shilingi 13 na senti 33, na sijapata duka linaloniuzia nepi ya ukubwa wake kwa bei hiyo. Ndiyo maana mimi hutumia za kitambaa mchana, nilizoshona kwa taulo kuukuu za mtumba wa Gikomba, na za duka usiku tu na siku za safari.

Hatua ya sita: shule

Kabla ya shule kuna tathmini nyingine, tofauti na ile ya hospitali. Hii ni ya kielimu, na hueleza mtoto anaweza nini na anahitaji nini ili ajifunze. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo wengi huviita kwa herufi EARC, vilianza mwaka 1984 na mara nyingi huwa ndani ya shule ya msingi ya umma, hivyo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuonyesha kilicho karibu nawe. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani karibu na barabara ya Thika, nayo hutathmini watoto na kuwapangia.

Mtaala una njia mbili. Mtoto anayeweza kufuata masomo ya kawaida akipewa usaidizi hupanda madarasa pamoja na wenzake. Yule ambaye hawezi hufuata njia ya hatua, inayoanzia stadi za msingi kama kula, kuvaa na kuwasiliana, hadi maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe. Msiione njia hiyo ya pili kama adhabu. Mtoto anayejifunza kushika kijiko mwenyewe amempunguzia mama yake dakika hamsini kila asubuhi.

Jijini zipo shule kama Jacaranda, ya watoto wenye ulemavu wa akili, na kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City huko Ngara, na Thika kuna shule ya wasioona na shule ya Joytown ya wenye ulemavu wa viungo. Kabla ya kumpeleka mtoto popote, tembelea shule saa ya chakula cha mchana. Darasani kila mwalimu hujitahidi mgeni akiwepo, lakini saa ya chakula ndipo utaona nani anawalisha wasioweza kujilisha na kwa muda gani. Uliza nani anabadilisha nepi, na wapi, kisha uombe kuona mahali penyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na mwalimu mkuu akikuambia kwamba hana nafasi ya watoto wa aina hiyo, mwombe aandike hivyo kwenye karatasi. Mara nyingi hapo ndipo nafasi hupatikana. Fomu za basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, huchukuliwa katika ofisi ya eneobunge, na nakala ya kadi ya Baraza ibanwe juu.

Kiti na vifaa

Kiti cha magurudumu kisichomfaa mtoto ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana kiti kipana humlaza upande, uti wa mgongo hupinda na vidonda huota makalioni. Wahisani wengi hugawa viti vya watu wazima, na mzazi huona haya kukataa. Kataa kwa adabu, au pokea kisha utafute mtaalamu akirekebishe. Vipimo vinavyohitajika ni upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya nyonga hadi nyuma ya goti, urefu kutoka goti hadi kisigino, na kimo kutoka kalio hadi bega. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958 na kilicho barabara hiyohiyo ya Waiyaki, hutengeneza na kurekebisha viti. Mimi, nilipokuwa nikisubiri, nilimpelekea fundi wa mbao wa Gikomba mchoro wa mtaalamu wa viungo, akanitengenezea kiti chenye mkanda kifuani na meza mbele. Kilimweka mwanangu wima kwa mara ya kwanza, na siku hiyo alitazama dirishani hadi jua likazama.

Mwombe mtaalamu wa viungo akufundishe mazoezi badala ya kumfanyia mtoto tu. Wewe unaye kila siku, yeye anamwona mara moja kwa mwezi.

Baba wa mtoto

Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wote wawili, na kwamba wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Naandika haya kwa sababu katika foleni za kliniki nimewahesabu akina baba kwa vidole vya mkono mmoja. Ikiwa amekwenda zake, anza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye humwita na kujaribu kuandikisha makubaliano bila gharama. Makubaliano yakivunjwa, kesi ya matunzo hupelekwa mahakama ya watoto, na mashirika ya msaada wa kisheria kama FIDA Kenya au Kituo cha Sheria yanaweza kumsaidia asiye na uwezo wa kulipa wakili. Fika na hesabu ya mwezi iliyoandikwa: nepi, dawa, nauli, chakula. Hakimu hufanya kazi na tarakimu. Mtoto akipigwa, akifungiwa au akinyimwa chakula na yeyote, namba 116 hupigwa bila malipo.

Kikundi

Wazazi kumi wakiungana wanaweza kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki kinaweza kuomba ruzuku ambayo mzazi mmoja hawezi kuiomba. Sisi tuko kumi na wawili. Tulianza kwa mchango wa kila wiki, lakini kilichotuweka pamoja ni zamu: kila Jumamosi wawili wetu huwalinda watoto wa wengine watatu kwa saa nne, ili mama zao wafue, waende sokoni au walale. Wengi hulala.

Karatasi ya juu kabisa

Mwisho, weka mbele ya faili ukurasa mmoja ambao mtu asiyemjua mtoto anaweza kuusoma na kumhudumia, kwa maana siku moja utalazwa wewe. Wangu unasema: analishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, asilishwe akiwa amelala. Dawa ya kifafa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kipimo kimeandikwa kwenye chupa, isikatizwe hata siku moja. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, mpeleke hospitali na ubebe faili hii. Akipiga ulimi mara mbili ana kiu. Akigeuza uso ukutani hataki kuguswa, mwache kidogo, atarudi mwenyewe.